Mashirika yanayotetea haki katika mikopo yana nguvu gani mbele ya benki? Jibu kwa katibu wa chama cha Columbus

Swali: Mimi ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana hapa Columbus, jimboni Ohio. Wengi wetu ni Wakongomani, na wachache wametoka Tanzania na Kenya. Wanachama wanafanya kazi maghalani na hospitalini, wanalipa kodi ya pango bila kuchelewa, lakini wakiomba mkopo wa kununua nyumba wanakataliwa. Tumealikwa kujiunga na shirika linalotetea haki katika mikopo. Wazee wetu wanauliza kama mashirika haya yana nguvu yoyote mbele ya benki, au ni mikutano tu. Wanauliza pia yanamsaidiaje mtu wa kipato kidogo kujenga mali. Na mwanachama mmoja ameahidiwa nyumba kwa kontrakti, yaani amlipe mwenye nyumba kila mwezi bila kupitia benki. Je, atie saini?

Jibu: Dada, nitafuata mpangilio wako, ila swali la wazee nitakaa nalo muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua kama kujiunga kwenu kutakuwa na maana. Mashirika haya yana nguvu, na nguvu hiyo haitokani na huruma ya mabenki. Inatokana na sheria zinazoilazimu benki ieleze hadharani imewakopesha watu gani na wa mitaa ipi, na inatokana na zile nyakati chache ambapo benki, hata iwe kubwa kiasi gani, inahitaji kibali cha serikali. Shirika lenye takwimu sahihi, na lenye watu walio tayari kusema yaliyowapata, likijitokeza wakati huo, husikilizwa. Shirika lisilo na takwimu wala watu hubaki na mikutano tu, na hapo wazee wenu watakuwa na haki ya kunung'unika.

Chimbuko la jambo lenyewe ni miaka ya 1930. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda taasisi ya kuokoa nyumba za watu walioshindwa kulipa rehani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na taasisi hiyo, HOLC, ikachora ramani za miji zaidi ya 200, Columbus ukiwemo. Mitaa iliyoonekana salama kwa mkopo ilipakwa kijani, na iliyoonekana hatari ilipakwa nyekundu. Karibu kila palipoishi Wamarekani weusi palipakwa nyekundu, hata pale ambapo nyumba zilikuwa imara na wenyewe wana kazi. Kilichoumiza zaidi kuliko ramani zile ni idara nyingine, FHA, iliyoanzishwa mwaka 1934 kutoa bima kwa mikopo ya nyumba, ambayo kwa miongo kadhaa iliwapa bima hiyo wazungu waliohamia vitongoji vipya na kuiepuka mitaa ya weusi. Pale Columbus, hata Hanford Village, mtaa ambao maveterani weusi walifanikiwa kununua nyumba baada ya vita vya pili vya dunia, ulipasuliwa na barabara kuu ya I-70. Naeleza haya kwa sababu wanachama wenu huenda wakaishi katika mitaa hiyohiyo bila kujua kwa nini hakuna tawi la benki karibu. Urithi wa siasa hiyo unapimika hadi leo: katika utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022, kaya ya kati ya wazungu, yaani ile iliyo katikati wote wakipangwa kwa mali, ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni, ilhali kaya ya kati ya weusi ilikuwa na dola 44,900. Nyumba iliyonunuliwa na babu ndiyo iliyomsomesha mjukuu na kumpa kianzio cha nyumba yake, na aliyenyimwa mkopo mwaka 1950 hakuwa na cha kurithisha.

Ubaguzi katika nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968, na ubaguzi katika utoaji wa mikopo ukafuata miaka ya 1970, lakini marufuku peke yake haikuileta benki mtaani. Waliolazimisha hatua iliyofuata walikuwa wakazi wa kawaida. Katika mtaa wa Austin, magharibi mwa Chicago, Gale Cincotta, mama wa watoto sita, aliona benki zikichukua akiba za wakazi na kuzikopesha kwingine. Yeye na wenzake walijenga muungano wa vyama vya mitaa wa kitaifa, wakadai kwanza takwimu, kisha wajibu. Takwimu zilipatikana kwa sheria ya mwaka 1975 iitwayo kwa ufupi HMDA, na wajibu ukaja mwaka 1977 kwa Sheria ya Uwekezaji katika Jamii, CRA, iliyosimamiwa katika Seneti na William Proxmire wa Wisconsin. Sheria hii inasema kwamba benki inayopokea akiba za watu wa eneo fulani ina wajibu wa kuhudumia mahitaji ya mikopo ya eneo lote hilo, pamoja na mitaa ya kipato cha chini, bila kuhatarisha usalama wake.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Kila baada ya miaka michache wakaguzi wa serikali huipima benki na kuipa moja ya daraja nne, kuanzia bora sana hadi iliyokiuka sheria kwa kiwango kikubwa, na ripoti yake huwekwa wazi kwa kila mtu. Benki ikitaka kuungana na nyingine, au kufungua tawi, rekodi hiyo huangaliwa, na wananchi huruhusiwa kupeleka maoni. Muungano wa mabenki una thamani ya mabilioni, na kila mwezi wa kucheleweshwa ni hasara, kwa hiyo benki nyingi huona afadhali kukaa mezani mapema na watu wa mitaa. Mwaka 2016 benki ya KeyBank yenye makao yake Cleveland, hapohapo jimboni kwenu, ilipotaka kuinunua First Niagara, ilifikia makubaliano na NCRC, muungano wa kitaifa wa mashirika yanayotetea haki katika mikopo, na vyama wanachama wake, ikaahidi dola bilioni 16.5 kwa miaka mitano katika mikopo ya nyumba, mikopo ya biashara ndogo, nyumba za gharama nafuu na misaada ya kijamii.

Wazee wenu wasikie pia sehemu ya pili ya habari hiyo. Mwaka 2022 NCRC ilichapisha uchambuzi wa takwimu za benki hiyohiyo, ikasema kuwa benki imerudi nyuma katika kuwakopesha weusi wanaonunua nyumba, na ikavunja uhusiano nayo, huku benki ikikanusha tuhuma hizo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi halisi ya utetezi. Kutia saini ahadi kubwa mbele ya kamera ni jambo la siku moja, bali kuifuatilia mtaa kwa mtaa kwa miaka mitano kunahitaji chama chenye subira na watu wa kusoma majedwali. Mnapochagua shirika la kujiunga nalo, waulizeni viongozi wake: ahadi mliyoipata miaka mitatu iliyopita imefikia wapi, na nani miongoni mwenu aliyeikagua?

Kuna mipaka ambayo lazima niitaje. CRA hupima kipato cha mitaa na cha wakopaji, haipimi rangi, kwa hiyo kesi ya ubaguzi wa rangi au wa asili hupelekwa kwa sheria nyingine. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo havimo ndani yake, wala kampuni za rehani zisizo benki, ambazo siku hizi ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba. Massachusetts ilizijumuisha kampuni hizo kwa sheria ya jimbo mwaka 2007, na Illinois ikafuata mwaka 2021. Kanuni za CRA zenyewe zimekuwa katika mvutano: mpya zilipitishwa Oktoba 2023, mahakama ya shirikisho iliyoko Texas ikazisimamisha Machi 2024, na mwaka 2025 wadhibiti wakatangaza nia ya kurudia kanuni za mwaka 1995. Sheria mama ya mwaka 1977 bado ipo. Siwezi kuficha kwamba upepo wa sasa Washington hauwavumii vyema wakopaji maskini, na ndiyo maana naona kazi ya majimbo na miji ina uzito zaidi sasa kuliko miaka 10 iliyopita.

Chama chenu kinaingiaje hapo? Kwa karatasi. Mtu akiomba mkopo na kukamilisha maombi, mkopeshaji anatakiwa amjibu ndani ya siku 30, na akimkataa lazima amwandikie sababu mahususi, au amwambie kwamba ana haki ya kuziuliza ndani ya siku 60. Wengi huichana barua hiyo kwa uchungu. Naomba mwanachama yeyote asiichane tena. Isomeni pamoja. Ikisema historia ya mikopo haitoshi, hilo lina dawa, nitalieleza hapa chini. Ikisema deni ni kubwa kulinganisha na kipato, angalieni mkopo wa gari, kwa sababu mara nyingi mhalifu ni gari lililonunuliwa kwa riba ya juu katika mwezi wa tatu baada ya mtu kufika Marekani. Ikisema taarifa hazikuweza kuthibitishwa, huenda karani hakuelewa hati ya ukimbizi au jina lililoandikwa kwa mpangilio tofauti katika karatasi mbili. Lakini barua 12 za watu wenye kazi zinazofanana, zote kutoka kwa mkopeshaji mmoja, zote zikitoa sababu ileile ya kutothibitika, hizo zimevuka bahati mbaya ya mtu mmoja na kuwa ushahidi. Ukiziweka kando ya takwimu za HMDA, ambazo hutolewa kila mwaka bila majina na zinaonyesha kwa kila ombi kiasi, kipato, rangi, eneo, uamuzi na sababu ya kukataa, shirika lenye wataalamu litaweza kuona kama mkopeshaji huyo anawatendea hivyo wote au nyinyi tu. Mashirika ya haki za makazi huenda mbali zaidi, yakatuma watu wawili wenye kipato sawa lakini asili tofauti kwenda kuuliza habari za nyumba au mkopo uleule, na katika kesi ya Havens Realty ya mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba wapimaji wa namna hiyo na mashirika yao wanaweza kushitaki.

Nikigeukia swali la mali, lazima nitangulize onyo, kwa kuwa nimeona vyama vya wahamiaji vikidhani kwamba kila mkopo unaopatikana ni ushindi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitaa ileile iliyokuwa inanyimwa mikopo ilifurikwa na mikopo ya masharti mabaya: riba inayopanda baada ya miaka miwili, faini kwa anayelipa mapema, ada zilizofichwa ndani ya deni. Watu walionyang'anywa nyumba baada ya mwaka 2007 walikuwa wengi mno miongoni mwa waliokuwa wametengwa kabla. Mwaka 2012 benki ya Wells Fargo ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 175 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria kwamba iliwatoza weusi na Walatino ada na riba za juu kuliko wazungu wenye sifa sawa za mkopo, bila kukiri kosa. Waliopinga mapema walikuwa mashirika ya utetezi. Self-Help ya Durham, North Carolina, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilikuwa inakopesha watu wa kipato kidogo kwa masharti ya kawaida na kurudishiwa fedha zake, kwa hiyo iliposimama mbele ya wabunge wa jimbo kusema mikopo ya kinyonyaji si lazima, ilikuwa na vitabu vyake vya hesabu kama ushahidi. Sheria ya North Carolina ya mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza ya jimbo kuzuia mikopo hiyo.

Jimbo lenu lina mfano wake, nao naupenda kwa sababu waliouendesha walikuwa wachungaji, wastaafu na wafanyabiashara wadogo. Wanachama wenu wanazifahamu ofisi zinazokopesha hadi siku ya mshahara, ambazo Mtanzania angeita mikopo umiza au kausha damu. Mwaka 2008 wapiga kura wa Ohio walithibitisha ukomo wa riba wa asilimia 28 kwa mwaka, na wakopeshaji wakaukwepa papo hapo kwa kuhamia leseni za sheria nyingine. Kwa miaka 10 riba halisi ya Ohio, ada zikihesabiwa, ilifikia wastani wa asilimia 591 kwa mwaka. Muungano wa wananchi ulikusanya masimulizi ya wakopaji, ukawapeleka wenyewe bungeni, na hatimaye sheria ya mwaka 2018, iliyodhaminiwa na mbunge wa chama cha Republican kutoka Springfield, ikaziba mwanya. Siku hizi jumla ya riba na ada za mkopo wa namna hiyo haiwezi kuzidi asilimia 60 ya kiasi kilichokopwa, yaani aliyekopa dola 300 hawezi kutozwa zaidi ya dola 180 juu yake. Bado ni ghali, lakini mtu anaweza kuumaliza. Kila dola isiyoliwa na ofisi zile inabaki nyumbani, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mali kwa mtu wa mshahara mdogo.

Baada ya ulinzi ndipo kujenga kunapofuata, na hapa mna kitu ambacho Wamarekani wengi hawana. Wakongomani wenu wanacheza likelemba, Watanzania upatu, Wakenya chama. Mtu anayetoa dola 200 kila mwezi kwa miaka minne bila kukosa ni mkopaji mwaminifu kuliko wengi wenye kadi za benki, ila uaminifu wake hauandikwi popote. Mission Asset Fund ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2007 kati ya wahamiaji, iliuchukua mchezo huohuo, ikamfanya kila mshiriki atie saini hati ya mkopo usio na riba, ikawa inapeleka taarifa za malipo kwa kampuni zinazotunza historia ya mikopo. Mwaka 2014 ikalishawishi jimbo la California kuutambua utaratibu huo kwa sheria. Chama chenu kisijaribu kuandikisha malipo peke yake, kwa sababu kampuni hizo hazipokei taarifa za kikundi chochote tu, bali kinaweza kuingia ubia na shirika lenye idhini. Pendekezo hili ndilo ningelipeleka kwanza katika mkutano wenu wa pamoja, kabla hata ya suala la benki.

Wanachama wanaoishi kwa vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, waulize katika mamlaka ya nyumba kuhusu mpango wa FSS, uliowekwa na sheria ya mwaka 1990 na ambao watu wengi wanaostahili hawaufahamu. Kwa kawaida mwenye vocha hulipa takriban asilimia 30 ya kipato, kwa hiyo akipandishwa kutoka dola 1,500 hadi 2,500 kwa mwezi, pango lake hupanda kutoka 450 hadi 750, na nyongeza yote inaonekana kama adhabu ya kufanya kazi. Ndani ya FSS zile dola 300 za ziada huwekewa akiba kwa ajili yake, na akitimiza mkataba wake, ambao kwa kawaida ni wa miaka mitano, hukabidhiwa. Yapo mashirika yasiyolenga faida ambayo kazi yao ni kuwasaidia wapangaji kujiunga na kudumu humo.

Kwa wasioweza kabisa kumudu bei ya soko, ipo Central Ohio Community Land Trust hapo Columbus, ambayo hubaki na ardhi na kumuuzia mtu nyumba iliyo juu yake kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba akiiuza naye atamwuzia mwingine wa kipato kama chake kwa bei iliyowekewa ukomo. Wapo wanaosema mali inayopatikana hivyo ni ndogo. Ni kweli ni ndogo, lakini wakati wa wimbi la unyang'anyaji nyumba, nyumba za utaratibu huu zilipotea kwa nadra sana, na mimi namshauri mtu achukue mali ndogo inayodumu. Waislamu wanaojiepusha na riba wajue kwamba African Development Center ya Minneapolis, iliyoasisiwa na marehemu Hussein Samatar aliyezaliwa Somalia, ilishirikiana na jiji lake kutoa mitaji ya biashara kwa utaratibu wa faida badala ya riba. Columbus ina jamii kubwa ya Wasomali, na sioni kwa nini mashirika ya hapo yasidaiwe huduma kama hiyo.

Nimalizie kwa yule ndugu wa kontrakti. Asitie saini bado. Katika mkataba wa namna hiyo muuzaji hubaki na hati ya nyumba hadi senti ya mwisho, ilhali mnunuzi hubeba matengenezo, kodi ya ardhi na bima. Akichelewa siku 30, kisha akapewa notisi ya siku 10, anaweza kufunguliwa kesi ya kuondolewa na kupoteza yote aliyolipa kana kwamba alikuwa mpangaji. Ndivyo weusi wa Lawndale, Chicago, walivyonyonywa hadi walipoungana mwaka 1968 na kugoma kulipa. Sheria ya Ohio, sura ya 5313, inampa mnunuzi kinga kiasi: muuzaji anatakiwa kuuandikisha mkataba kwa msajili wa kaunti ndani ya siku 20, na mnunuzi aliyelipa kwa miaka mitano, au aliyefikisha asilimia 20 ya bei, hawezi kuondolewa isipokuwa kwa utaratibu kamili wa mahakama kama mwenye rehani. Ndugu yetu aende kwanza kwa msajili wa Kaunti ya Franklin aangalie kama nyumba ina rehani ya zamani au deni la kodi, alipie mkaguzi wa majengo aingie hadi chini ya sakafu, kisha aupeleke mkataba kwa ofisi ya msaada wa kisheria, Legal Aid of Southeast and Central Ohio, wausome kabla hajatia saini. Muuzaji akikataa kuuandikisha mkataba, aachane naye hapohapo. Na kama kuna wanachama wengine ambao tayari wako ndani ya mikataba hiyo, wakusanye risiti zao zote wiki hii, wajumlishe walicholipa, na yeyote aliyekaribia miaka mitano au asilimia 20 asikubali kuhama kwa barua ya muuzaji peke yake kabla hajaonana na mwanasheria.